Siku Mashine Zilipozimika Baharini

Nilipokabidhi funguo za kabati la dawa na kitambulisho changu, wauguzi vijana wa kitengo chetu cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo pale Wheaton, Marekani, walinikatia keki, wakanipa kadi, na mmoja wao akaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nilidhani ni maneno ya kuagana tu. Wiki iliyofuata akanipigia simu kuuliza nimefika wapi. Basi ninaandika, nikiwa nimekaa kwa mwanangu huku Columbia, dirisha likitazama ziwa la kuchimbwa ambalo bata wake wana adabu kuliko baadhi ya madaktari niliofanya nao kazi.

Vyeo nitaviruka. Kila cheo nilichopewa kiliniongezea mikutano na kunipunguzia wagonjwa. Mishahara mnaijua, ni hiyohiyo yenu. Nitaandika zaidi juu ya woga, kwa kuwa huo ndio uliokaa nami muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na kabla sijaanza hakuna aliyenionya.

Mimi ni mtoto wa Mbinga, kwenye kahawa na milima. Nilipofika Marekani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtunza bibi mmoja mjane huko Arlington. Nilimwogesha, nilimvisha, nilimpikia uji wa shayiri alioulalamikia kila asubuhi na kuumaliza kila asubuhi. Alikuwa mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa, na nilimwogopa kwa sababu hiyo. Kila alipoinuka kitini moyo wangu uliinuka naye. Hakuwahi kuanguka mikononi mwangu, lakini nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kana kwamba alianguka kutwa nzima.

Nikasoma uuguzi kidogo kidogo, nikafaulu, nikaajiriwa Wheaton, kwenye kile kitengo kilicho nyuma ya maduka, ambako mgonjwa akishuka treni anaweza kutembea mpaka mlangoni kama miguu yake inamruhusu. Siku ya kwanza nilipofungua mlango niliona watu wamelala kwenye viti virefu kwa safu, kila mmoja na mashine pembeni. Mrija mmoja unatoa damu mkononi, unaipeleka kwenye chujio, na mrija mwingine unairudisha. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo kitabuni. Kitabu hakikuniambia kwamba mirija ile ina joto ukiishika. Niliishika, nikahisi joto la mtu likiwa nje ya mtu.

Aliyenifundisha alikuwa Mkongo, Mama Beya, mzaliwa wa Lubumbashi, mwanamke mpana mwenye mikono midogo isiyotetemeka. Alinionyesha jinsi ya kuusikiliza mkono wa mgonjwa pale mishipa miwili ilipounganishwa kwa upasuaji ili sindano ipate damu ya kutosha. Ukiweka kidole unahisi mtetemo, ukiweka sikio unasikia mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Ukikuta kimya, usichome, mwite daktari. Sindano zetu ni nene, unene unaokaribia njiti ya kiberiti, na nilipoishika ya kwanza Mama Beya aliona jasho langu. Hakunipa moyo kama wengine wanavyofanya.

“Weye unaogopa? Ni vizuri,” alisema. “Muogope mashine, muogope damu. Mugonjwa tu ndiye hatupashwe kumuogopa.”

Sikumwelewa vizuri siku ile kwa nini mgonjwa hatupaswi kumwogopa, maana mimi niliwaogopa wote watatu.

Kisa kilichonifundisha kazi kilikuja mapema. Mama mmoja mpishi, mcheshi, aliyezoea kujifunika blanketi mpaka kidevuni kwa sababu mashine hupoza mwili, alinyamaza katikati ya hadithi. Sindano ya kurudisha damu ilikuwa imechomoka chini ya blanketi. Mashine haikupiga kelele hata kidogo, iliendelea kusukuma damu yake kwenye godoro la kiti kwa utii wa mashine. Mama Beya aliona tone moja sakafuni. Alipona yule mama, na alirudi kutusimulia hadithi yake kuanzia alipoachia. Lakini tangu siku hiyo mkono wenye sindano haukufunikwa mbele yangu, hata mgonjwa alie kwa baridi. Mnanikumbuka kwa kero hiyo. Sasa mnajua ilikotoka.

Miaka ilikwenda. Mama Beya alistaafu, nikawa mimi ndiye ninayewaona wengine wakitoka jasho. Ndipo ikaja safari ya meli, ambayo ninyi huniulizia kila mara na mimi hubadilisha mazungumzo.

Mzee Gitonga alikuwa Mmeru, dereva mstaafu wa basi la shule, mjane, mtu wa kofia ya sufi na utani mkavu. Figo zake zilikuwa zimekufa kwa shinikizo la damu, na alikuja kwenye mashine mara tatu kwa wiki kama mtu anayeripoti polisi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Kendi, mwanafunzi wa chuo. Kendi alielewa Kiswahili chote alichoambiwa na alijibu chote kwa Kiingereza. Alikuwa akimleta baba yake kila akiwa likizo, lakini alikomea mlangoni. Kuona damu kulimwangusha. Aliwahi kujaribu kuingia, tukamwokota.

Kulikuwa na kampuni ndogo iliyopanga safari za meli kwa ajili ya watu wa mashine. Walifunga mashine chumba kimoja ndani ya meli ya kitalii, wakachukua daktari, fundi na wauguzi wawili, na wagonjwa wakasafirishwa kama watu wengine. Wauguzi tulisafiri bure kwa kufanya kazi. Tangazo lao lilisema kazi ni kidogo na mapumziko ni mengi. Sentensi ya namna hiyo huandikwa na mtu asiyepanda meli.

Kendi ndiye aliyeliona tangazo. Likizo yake ya Machi ilikuwa inakaribia, ile ambayo wanafunzi wa vyuo wote hukimbilia joto, na badala ya kwenda ufukweni Florida na wenzake alitaka kwenda Bahama na baba yake. Alinieleza pale mlangoni, kwa Kiingereza cha haraka, kwamba tangu mama yake afariki hawajawahi kwenda popote pamoja isipokuwa hospitali na kanisani. Mzee alikuwa amekataa miaka yote. Hakupenda kuwa mbali na kiti chake. Safari hii alikubali bila kubishana. Kendi alifurahi mpaka akanikumbatia, na mimi nikajiandikisha kama muuguzi wa safari.

Tulipanda Baltimore siku ya mvua na upepo. Meli ilikuwa ndefu na nyeupe kama jengo la serikali lililolazwa juu ya maji, na ilikuwa imejaa vijana. Waliimba kwenye foleni, walivaa kaptura kwenye baridi ile, na kabla hatujaacha bandari muziki wao ulikuwa unatetemesha glasi. Katikati yao walipita wagonjwa wetu na fimbo zao, wakiomba njia. Niwatendee haki wale vijana, waliwapisha, na mmoja alimbebea Mzee Gitonga begi mpaka chumbani na kumwita bosi. Mzee alilipenda jina hilo.

Chumba chetu cha mashine kilikuwa chini, jirani na zahanati ya meli, hakina dirisha. Juu kulikuwa na mabwawa, muziki na ndizi za kukaanga. Chini kulikuwa na sisi. Tulifanya kazi siku ambazo meli ilikuwa safarini, ili siku za bandari wagonjwa washuke watembee. Daktari wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, anayesikiliza kuliko kusema, Dokta Ruth. Ukimpata daktari wa hivyo mshike.

Matibabu ya kwanza baharini yalikwenda vizuri. Ya pili, tukiwa tunakaribia Bahama, niliona miguu ya Mzee imevimba na uzito umepanda kuliko kawaida. Nilimuuliza amekula nini. Akanitajia bila haya: machungwa, ndizi, viazi, supu ya nyanya, maji kadiri alivyotaka. Ninyi mnajua maana yake. Kwa mtu asiye na figo, potasiamu ya machungwa na ndizi haitoki mwilini, inakaa kwenye damu ikingoja kuusimamisha moyo. Yeye alijua vilevile, alikuwa mgonjwa mwangalifu kuliko wote. Nikaanza kumhubiria. Akanigusa mkono ninyamaze, akasogeza kichwa karibu.

“Sista, usijisumbue na hizo hesabu,” alisema. “Tukirudi nyumbani mimi sitakuja tena kwa mashine. Hii safari ni ya kumuaga msichana wangu. Nimechoka na hicho kiti.”

Nilimuuliza kama Kendi anajua. Akasema hajui, na kwamba mimi sitamwambia. Akijua, alisema, ataacha chuo aje kukaa naye na kumbembeleza, na yeye hakuendesha basi miaka yote ile ili mtoto wake aache shule.

Nilikuwa nimeshasikia wagonjwa wakisema wamechoka. Wengi wanasema siku ya Ijumaa na Jumatatu wanakuja. Huyu alisema kama mtu anayekueleza atashuka kituo gani. Nilimwambia Dokta Ruth, kwa sababu daktari wa mgonjwa ana haki ya kujua. Alikaa na Mzee muda mrefu, mlango umefungwa. Alipotoka aliniambia kwamba akili yake ni timamu, kwamba uamuzi ni wake, na kwamba hakuna kati yetu mwenye ruhusa ya kumwambia binti. Kisha akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Kuanzia hapo sikupumzika hata saa moja ya ile safari ya kupumzika. Bahama ni pazuri, nimeambiwa. Mimi nilimwona Mzee tu. Alishuka na Kendi, wakanunua kofia za majani, wakapigwa picha na kasuku. Kendi alicheka, na kila alipocheka nilitazama pembeni, kwa sababu nilijua safari ile ni ya nini na yeye hakujua. Jioni tulipoondoka bandarini nilimkuta Mzee amesimama peke yake kwenye ukingo wa meli, mikono juu ya reli, akitazama maji. Vijana walikuwa wanacheza nyuma yake. Nilitembea haraka, kisha nikajizuia nisikimbie, nikasimama karibu kiasi cha kuweza kumshika koti.

Alinitazama, akatabasamu. “Unafikiri nitaruka? Mimi ni mtu wa Meru, Sista. Maji mengi hivi siwezani nayo.”

Nikacheka pamoja naye, lakini sikuondoka mpaka alipoondoka. Nilimwomba amwambie Kendi mwenyewe kabla hatujafika nyumbani. Akasema atajaribu. Kesho yake nilimuuliza, akasema hakupata nafasi. Walikuwa wamekula meza moja asubuhi nzima.

Upepo ulitukuta tunarudi, mahali fulani pwani ya Karolina. Nahodha alikuwa ametangaza kwamba bahari itachafuka, na mabwawa yalifunikwa nyavu. Dokta Ruth alitaka kungoja, lakini Mzee alikuwa anapumua kwa shida kwa sababu ya maji yaliyojaa mwilini na potasiamu yake ilikuwa juu, kwa hiyo tuliamua kuwaunganisha yeye na wengine wawili asubuhi, kabla hali haijawa mbaya zaidi. Fundi alifunga magurudumu ya mashine. Mimi nilikuwa na Mzee, muuguzi mwenzangu alikuwa na wale wawili. Nilichoma sindano meli ikiwa inapanda, nikaifunga kwa plasta meli ikiwa inashuka. Nilijiambia kwamba nimeshafanya magumu kuliko hayo. Haikuwa kweli.

Matibabu hayakuwa yamefika mbali pale taa zilipozimika.

Kwanza ulikuja ukimya. Mngurumo wa injini uliokuwa chini ya miguu yetu tangu Baltimore ulikoma, na sikuwahi kujua jinsi nilivyokuwa nimeuegemea. Kisha mashine zote zikalia kwa pamoja. Taa moja ya dharura juu ya mlango ikawaka, hafifu, ya njano. Meli isiyo na injini hugeuka ubavu kwa mawimbi, na ndivyo ilivyofanya. Chumba kikainama, vifaa vikateleza mezani vikaanguka, na mgonjwa mmoja akaanza kusali kwa sauti.

Mashine zina betri ya kusukuma damu kwa muda mfupi. Za wale wawili zilishika. Ya Mzee ilisukuma kidogo, ikafifia, ikazima. Damu yake ikasimama ndani ya mirija. Ni kiasi cha kikombe hivi, si nyingi kwa kuisikia, lakini damu iliyosimama inaganda, na ikishaganda hairudi. Kuna njia ya kuirudisha kwa mkono. Kuna kishikio kidogo nyuma ya mlango wa pampu, na mmefundishwa kukitumia kama nilivyofundishwa mimi, mara moja kwa mwaka, mchana kweupe, huku tukiwaza chakula cha mchana.

Hatari si kukizungusha. Umeme ukikatika, koleo la usalama hujifunga kwenye mrija ili hewa isiingie kwa mgonjwa. Ili kurudisha damu lazima uuchomoe mrija kwenye koleo hilo, na ukishauchomoa hakuna king'ora wala chochote kinachozuia hewa isipokuwa macho yako. Kiputo kikubwa cha hewa kikifika kwenye moyo, mambo yamekwisha. Na macho yangu yalikuwa na taa moja ya njano.

Nilibana mrija wa kutoa, nikauhamishia kwenye mfuko wa maji ya chumvi. Mfuko ulikuwa unabembea kama kengele. Nikamwita Dokta Ruth, alikuwa ameshafika, ameukumbatia mfuko kifuani na kuwasha tochi ya simu yake juu ya mrija. Nikauchomoa mrija kwenye koleo. Nikaanza kuzungusha kishikio, polepole, nikifuata mshale.

Mzee alinishika sketi ya sare. Hakunishika mkono kwa sababu alijua mikono inafanya kazi.

“Sista,” alisema. “Nisiende hivi.”

Nikamwambia haendi popote, damu yake ndiyo hiyo inarudi.

“Sijamwambia Kendi. Nisiende kabla sijamwambia.”

Ndipo nikaona kiputo. Kilikuwa kidogo kama chembe ya mtama, kinapanda na kushuka kwenye mrija kila meli ilipoyumba. Niliacha kuzungusha. Dokta Ruth akasogeza tochi. Nikaupigapiga mrija kwa kidole, kiputo kikapanda kwenye kikombe cha kunasia hewa kilicho juu ya mrija, kikakaa humo. Nikaendelea. Mrija ukabadilika kutoka wekundu mzito, ukawa wa waridi, ukawa mweupe. Nikabana. Nikakaa sakafuni palepale.

Damu ilikuwa imerudi, lakini haikuwa imesafishwa. Tulimhamishia zahanati ya meli na kumfunga vipimo vya moyo vinavyotumia betri. Mstari wa moyo wake ulikuwa umeanza kuchongoka kama paa la nyumba ya bati, ule mchongoko wa potasiamu mnaoujua. Dokta Ruth alimchoma dawa zinazoisukuma potasiamu ijifiche kwa muda. Haziitoi. Zinakununulia muda tu, na muda ukiisha inarudi. Mwenzangu alikuwa amewatoa wale wawili salama. Nahodha alitangaza kwamba ni hitilafu kwenye chumba cha injini na mafundi wanaishughulikia. Helikopta ya waokoaji ilizungumzwa, lakini upepo ulikuwa mkali mno. Hapakuwa na la kufanya ila kuutazama ule mstari.

Kendi alishuka akiwa amevaa jaketi la kujiokolea. Alisema ngazi zote zimejaa wanafunzi waliokaa wamevaa majaketi hayo juu ya nguo za kuogelea, na hakuna anayeimba. Alikomea mlangoni kama kawaida. Baba yake alikuwa na mabaka ya damu kwenye shati, na nilimwona Kendi akipauka, akishika fremu ya mlango. Nikadhani ataanguka na nikaanza kuinuka. Hakuanguka. Aliingia akitazama dari, akapapasa mpaka akaushika mguu wa baba yake, akabaki ameshika hapohapo.

Mzee alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta maneno, na pumzi zikawa fupi. Akasema tu kwamba ile kofia ya majani amwekee vizuri isikunjike. Kendi akasema ataiweka. Mimi nilitazama mstari wa moyo, kwa kuwa sikuweza kuwatazama wao.

Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kila mara mchongoko ulipopanda Dokta Ruth aliongeza dawa, na kila mara dawa zilisaidia kidogo kuliko mara iliyopita. Alasiri mngurumo ulirudi chini ya miguu yetu. Taa zikafuata. Maji ya bomba yalichelewa, na mashine bila maji ni kabati tu, mpaka fundi wetu alipokwenda mwenyewe kwa mabaharia na kurudi ameloa mpaka kiunoni akisema tuwashe. Nilimchoma Mzee upya, Kendi amegeuza uso ukutani lakini hajaachia mguu. Tulimsafisha mpaka jua likawa linazama, na mstari ukajinyoosha polepole, jino baada ya jino.

Tulifika Baltimore salama. Vijana walishuka wakiimba tena, ila si kwa nguvu ileile.

Woga mkubwa zaidi ulikuwa bado. Zamu yake ya kwanza Wheaton baada ya safari ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilitandika kiti chake, nikafunga mirija, nikaijaribu mashine. Muda wake ukafika, ukapita. Gari linalowaleta wagonjwa lilikuja bila yeye. Nilitoka nje mara kadhaa kutazama barabara kwa kisingizio cha simu. Sikuweza kumpigia Kendi, maana ningemwambia nini? Nilifanya kazi kwa wagonjwa wengine na sikusikia walichosema. Niliwaza kwamba alikuwa amekwisha kuamua na hiyo ni haki yake, lakini sikukitandua kiti chake.

Walikuja karibu saa ya chakula cha mchana. Kendi ndiye aliyeendesha. Macho yao wote yalikuwa mekundu, na Mzee alitembea mwenyewe mpaka kwenye kiti, akakunja mkono wa shati. Akaniambia kwamba amemwambia, ndani ya gari, kwenye maegesho ya hapa nje, na kwamba wamekubaliana. Yeye atavumilia mashine mpaka binti amalize chuo. Baada ya hapo, siku atakayosema imetosha, binti hatamzuia.

Kendi alisimama mlangoni akanitazama mimi. Aliniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama nilijua tulipokuwa kwenye meli. Nikamwambia nilijua. Akauliza kama nilijua siku ile wanapigwa picha na kasuku. Nikasema ndiyo. Alitikisa kichwa, akaenda kukaa ndani ya gari. Sikumfuata. Ningeweza kumweleza sheria, na sheria ilikuwa upande wangu, lakini si kitu unachompa mtoto wa mtu saa kama ile. Hakunisalimia majira yote ya joto. Alimleta baba yake, aliniangalia begani, akaondoka.

Mzee Gitonga alitimiza ahadi. Aliyaacha machungwa, akarudia uangalifu wake na utani wake, akahudhuria mahafali ya Kendi akiwa na kiti cha magurudumu alichokilaani njia nzima. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kuja akiwa hana siri, aliendelea kuja hata baada ya ahadi kwisha. Nilistaafu yeye akiwa bado kwenye kiti chake. Tuliagana kama watu watakaoonana kesho.

Mwezi uliopita simu iliita hapa Columbia. Ilikuwa Kendi. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. Alisema baba amesema imetosha, madaktari wamekaa naye, wote wanajua, na yuko nyumbani Wheaton hana maumivu. Baba anauliza kama Anti Anastazia, yaani mimi, atakuja.

Nilikwenda. Nilipanda ngazi za jengo lao nikiwa nimeshika reli, na niligundua mkono wangu wa pili unatafuta mfuko wa sare ambao haupo. Sikuwa na kitambulisho, sindano, wala daktari wa kumwita. Kazini hofu yangu ilikuwa na la kufanya. Pale haikuwa nalo.

Kendi alinifungulia. Alinivua koti akalitundika, akanisogezea kiti karibu na kitanda, yeye akakaa upande wa pili. Mzee alikuwa amekonda, kofia ya sufi imemzidi kichwa. Alinitazama muda kabla hajanitambua.

“Sista. Leo hukuja na mashine.”

Nikamwambia leo sina chochote, nimekuja mikono mitupu.

“Basi kaa tu,” alisema.

Nikakaa.